Kinachosubiri Nyuma ya Ukurasa

Wasomaji wenzangu, na ninyi mnaoanza kuandika uhakiki, habari za jioni.

Aliyenialika aliniomba nizungumze juu ya namna ya kuhakiki matoleo mapya ya komiki, za mashujaa na za kutisha. Nilikubali haraka. Usiku ndipo nilipokumbuka kwamba kazi hii nimeifanya miaka mingi bila kuwahi kukaa chini nikajiuliza ninaifanyaje. Fundi akiulizwa ghafla anashikaje nyundo, huanza kujigonga vidole. Basi msishangae nikijigonga mbele yenu mara moja mbili.

Nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa toleo la komiki ya kutisha kabla halijatoka, likiwa faili la kielektroniki, kama wahakiki wengi wanavyoletewa. Nililisoma kitandani, kwenye simu, kwa programu ile inayokuonyesha fremu, yaani picha za ukurasa, moja moja: unagusa kioo, inakuja nyingine, unagusa tena, inakuja nyingine. Mwanamke anashuka ngazi kwenda chumba cha chini ya nyumba. Anasikia sauti ya mwanawe, ambaye tunajua amekwisha kufa. Anaufikia mlango. Anaufungua. Nyuma yake kuna kitu ambacho sitakieleza, nataka mlale salama. Mimi nilikigusa, nikakitazama, nikapiga mwayo. Asubuhi nikaandika kwamba mchoraji hana subira na kwamba kitisho kikubwa cha toleo zima kimepita kama basi lisilosimama kituoni. Nikalipatia alama 5 kati ya 10 na kwenda zangu.

Wiki chache baadaye nikalishika toleo lile lile la karatasi. Ukurasa wa ngazi ulikuwa upande wa kulia. Ulikuwa na fremu tisa nyembamba, na kila moja ilikuwa na giza kuliko iliyoitangulia. Ya mwisho kabisa, pale chini kwenye kona, ilionyesha vidole vikigusa kitasa. Basi. Hakuna kingine. Ili ujue kilichomo ilibidi ufunue. Nilipofunua, kile kitu kilikuwa kimezijaza kurasa mbili nzima, kutoka ukingo hadi ukingo. Na mimi niliyekuwa nakijua, niliyekwisha kukiandikia na kukidharau, nilishtuka hadi nikaangusha miwani.

Mchoraji hakuwa amekosa subira hata kidogo. Alikuwa ameujenga mlango ule kwenye karatasi, na mkono wa kuufungua ulikuwa wangu. Kwenye filamu mlango hufunguka wenyewe. Ukifumba macho, utafunguka tu. Kwenye komiki mlango haufunguki mpaka wewe uufungue. Unaweza kukaa pale kwenye kona ya chini, kidole kwenye karatasi, ukajiambia nitafunua kesho. Na ukifunua, huna wa kumlaumu. Nilikuwa nimeipokonya komiki hofu yake, halafu nikailaumu kwa kutokuwa nayo.

Niliandika masahihisho. Mchoraji hakunijibu, wala sikustahili jibu.

Tangu siku hiyo ninashikilia jambo moja, na ndilo lililonileta hapa. Toleo la komiki ni kitu kilichopangwa kwa kurasa na kufunguliwa kwa mkono. Ukilihakiki kama kisa tu, yaani nani kampiga nani, nani kafa, nani karudi, umehakiki kitu kingine ambacho mwandishi angeweza kukuandikia kwenye barua. Nimesoma hakiki nyingi sana, zikiwemo zangu, ambazo sehemu kubwa ni muhtasari wa kisa, kisha sentensi moja mwishoni: "michoro nayo ni mizuri." Michoro nayo! Kama vile mtu amesimulia maneno ya wimbo mzima halafu akaongeza kwamba sauti nayo ilikuwepo.

Sasa tuingie jikoni. Chukueni toleo lolote la Kimarekani. Ukurasa wa 1 uko kulia. Ukiufunua, unaona wa 2 na wa 3 kwa pamoja. Ukifunua tena, wa 4 na wa 5. Kwa hiyo mwandishi anayejua kazi yake huliweka swali kwenye ukurasa wa witiri, chini kulia, na jibu huliweka kwenye ukurasa wa shufwa, ambao jicho haliwezi kuuona kabla mkono haujakubali. Wajapani, ambao vitabu vyao hufunguliwa kutoka kulia kwenda kushoto, hufanya vivyo hivyo upande wa pili. Junji Ito, mchoraji wao wa komiki za kutisha, amejenga sehemu kubwa ya jina lake juu ya ufundi huu: kurasa kadhaa za watu wa kawaida wanaozungumza mambo ya kawaida, kisha unafunua, na picha moja inakujia usoni. Mwandishi asiyejua kazi yake hukuwekea zimwi kwenye ukurasa wa 7 wakati wewe bado uko wa 6. Jicho halina adabu, limekwisha kulidokoa kabla hujasoma neno. Mkiona hivyo, andikeni. Msiandike tu "haikunitisha." Andikeni kwa nini haikutisha.

Nikiwa hapo niseme: kusoma kwenye simu si dhambi. Wengi tunasoma hivyo, na ziko komiki zinazotengenezwa kwa kioo tangu mwanzo, za kushuka chini kwa kidole, zenye hila zake za kutisha ambazo karatasi haiziwezi. Ninachodai ni uaminifu. Kama toleo lilitengenezwa kwa karatasi na wewe umelisoma kwenye simu, walau zima ile programu ya fremu moja moja, utazame kurasa mbili mbili kama zilivyopangwa. Ukishindwa hata hilo, basi mwambie msomaji.

Jambo la pili jikoni ni ukubwa wa chungu chenyewe. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, iliyomleta Superman, ilikuwa na kurasa 64 kwa senti 10, hadithi kadhaa ndani yake. Leo toleo la kawaida la kampuni kubwa lina kurasa 20 za hadithi na linauzwa dola 3.99 au 4.99. Kurasa 20, jamani. Zinasomwa kwa dakika kumi, na wengine wanazimaliza kwa tano. Ndani ya hizo mwandishi amkumbushe msomaji mwezi uliopita tuliishia wapi, ampe kitu kipya, na amwache na kiu ya mwezi ujao.

Hapo ndipo ninapogombana na wahakiki wenzangu. Likitoka toleo la katikati, namba 3 au namba 4, ambalo watu wanasimama tu kwenye paa la jengo wakizungumza mambo ya nyuma, utasikia: "Ni toleo la maandalizi; mambo yatanoga yote yakikusanywa kitabuni." Ninakataa. Mtu ametoa pesa kwa ajili ya toleo hili, la mwezi huu. Kama lina maandalizi tu na halina hata tukio moja lililotimia ndani yake, hata mazungumzo yaliyofika mahali, basi ni toleo dhaifu, na litaendelea kuwa dhaifu hata likishonwa katikati ya matano mazuri. Mnajua neno "Itaendelea" linavyouma likija mahali pake. Likija kwa sababu kurasa zimekwisha tu, haliumi, linakera.

Na msidhani toleo moja haliwezi kubeba umbo lake lenyewe. Mwaka 1992 kampuni ya DC walipomuua Superman, gazeti na televisheni zilizungumzia kifo. Walioshika matoleo yenyewe waliona kitu kingine. Hadithi ilipitia majarida manne tofauti kuelekea mwisho. La kwanza, Adventures of Superman namba 497, lilikuwa na fremu nne kila ukurasa. Lililofuata, Action Comics namba 684, fremu tatu. Kisha Superman: The Man of Steel namba 19, fremu mbili. Halafu Superman namba 75, toleo la kifo, ukurasa mmoja picha moja. Nne, tatu, mbili, moja. Kurasa zenyewe zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma. Msomaji aliyekuwa hajui lolote juu ya ufundi alihisi tu kwamba hewa inapungua, kwamba kila pigo ni kubwa kuliko lililopita. Unaweza kusema kisa chenyewe ni chepesi, watu wawili wanapigana mpaka wote wanaanguka, na mimi nitakubaliana nawe. Lakini mhakiki ambaye hakuzihesabu zile fremu hakuliona toleo.

Mmecheka mliposikia Superman alikufa. Najua kwa nini mnacheka. Mwaka uliofuata alikuwa amerudi.

Hilo linanileta kwenye swali ambalo naulizwa kuliko yote: je, komiki za mashujaa na za kutisha zipimwe kwa kipimo kimoja? Hapana. Msomaji wa shujaa anajua tangu jalada kwamba shujaa hafi, na akifa atarudi. Mwandishi anayejaribu kukutia wasiwasi kwa swali "je, ataokoka?" anakudanganya, na nyote wawili mnajua. Swali la maana ni jingine: atalipa nini? Atamvunja nani moyo ili aokoe mji? Msomaji wa kutisha anajua kinyume chake, kwamba mtu atakufa, pengine watu wote, na pengine bure. Ukiuliza "je, atakufa?" umekwisha kujibiwa. Uliza: kwa nini huyu, kwa nini sasa, na kwa nini mimi msomaji nilikuwa nimeanza kumpenda? Toleo la kutisha ambalo halikunipa kurasa mbili tatu za kumpenda mtu kabla ya kumtupa kwenye kisima, limenionyesha kisima tu.

Lakini nisizitenganishe sana, kwa sababu ni ndugu waliowahi kutenganishwa kwa nguvu, na kisa chao kina somo kwa mhakiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya EC ya William Gaines ilikuwa ikichapisha Tales from the Crypt, The Vault of Horror na The Haunt of Fear. Zilikuwa hadithi fupi fupi za makaburi, za mume aliyemuua mkewe na mke akarudi, zikisimuliwa na vizee vya kutisha vyenye mzaha. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba komiki zinawaharibu watoto, na mwezi wa Aprili mwaka huo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikaketi New York kusikiliza. Gaines akajipeleka mwenyewe kutoa ushahidi. Seneta Estes Kefauver akainua toleo moja la EC, Crime SuspenStories namba 22. Jalada lake lilikuwa na mwanamume mwenye shoka la damu mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika kwa nywele kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza: hili nalo ni jambo la staha? Gaines akajibu kwamba ndiyo, kwa jalada la komiki ya kutisha. Akaeleza kwamba lingekuwa baya kama kichwa kingeinuliwa juu zaidi hata shingo ikaonekana ikitiririka damu.

Watu walimcheka na kumlaani, na jibu lile lilimponza. Nami sisemi lilikuwa jibu la busara mbele ya maseneta. Ila nimelisoma mara nyingi, na kila mara naona mtu aliyekuwa akifanya kazi yetu, mahali pabaya, saa mbaya. Alikuwa anasema: tazameni fremu imekatia wapi. Kilichoachwa nje ya picha ni uamuzi. Kuna jalada linaloonyesha na jalada linalozuia, na hofu hukaa katika zile inchi mbili kati yao. Huo ni uhakiki. Laiti angeusema kwenye chumba kama hiki.

Matokeo mnayajua. Wachapishaji, wakiogopa serikali isije ikawatungia sheria, walijitungia wenyewe kanuni mwaka huo huo wa 1954, ile ya Comics Code. Maneno "horror" na "terror" yakapigwa marufuku kwenye majina ya majarida. Mavampaya, mbwamwitu-watu, wafu wanaotembea, wote wakafukuzwa. EC ikazifunga komiki zake za kutisha. Waliobaki na nafasi kwenye meza za wauzaji, miaka michache baadaye, walikuwa mashujaa: Fantastic Four mwaka 1961, Spider-Man mwaka 1962, na wengine wote mnaowajua.

Kuna kisa cha pembeni ambacho siwezi kukiacha. Husimuliwa kwamba kampuni moja ilitaka kutaja ndani ya toleo kwamba hadithi imetoka kwa "Wolfman". Wasimamizi wa kanuni wakakataa: mbwamwitu-watu ni marufuku. Wakaambiwa huyo si zimwi, ni Marv Wolfman, mwandishi, ndilo jina la ukoo wake. Basi wakakubali, kwa sharti kwamba atajwe wazi kuwa ni mwandishi. Yaani jina la mtu lilihitaji kibali ili lisimtishe mtoto. Kanuni ilipolegezwa mwaka 1971 na mavampaya kuruhusiwa kurudi, huyo huyo Wolfman ndiye aliyekuja kuandika The Tomb of Dracula kwa miaka mingi, akiwa na mchoraji Gene Colan. Na humo ndani, mwaka 1973, akatokea mwindaji mmoja mweusi mwenye visu vya mbao, Blade. Shujaa amezaliwa ndani ya komiki ya kutisha; ndugu wamekutana tena. Muhuri wenyewe wa kanuni, uliowekwa kwenye majalada ya matoleo yaliyopitishwa, ulichukua muda mrefu kufa: kampuni ya Marvel waliuacha mwaka 2001, DC na Archie mwaka 2011.

Kwa hiyo leo mtu akiwaambia kwamba komiki za mashujaa "zimeanza kuwa za kutisha", mwambieni zimerudi nyumbani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni The Immortal Hulk ya mwandishi Al Ewing na mchoraji Joe Bennett, iliyoanza 2018 na kumalizika 2021 kwa toleo la 50. Nimesema hivi punde kwamba kwenye komiki za mashujaa hakuna kifo kinachodumu, na kwamba ndiyo maana tunacheka. Ewing aliuchukua mzaha wetu huo akautazama kwa makini, kisha akauliza: hivi kweli mmefikiri maana yake? Mtu anauawa. Usiku ukiingia, anaamka. Hawezi kukaa amekufa hata akitaka. Kuna kitu upande wa pili kinachofungua mlango kumrudisha, na kinaweza kuwa na sababu zake. Sheria ile ile iliyoziondolea komiki za mashujaa wasiwasi kwa miaka themanini, yeye akaifanya chanzo cha hofu. Hakuongeza mazimwi. Aligeuza tu taa ielekee kwenye kitu kilichokuwepo sebuleni siku zote. Mhakiki aliyeandika "Hulk sasa ana damu nyingi na miili inayojipinda" aliona sawa, lakini hakutuambia kwa nini inatisha. Damu tulikuwa nayo siku nyingi.

Na kwa kuwa nimemtaja Hulk, niwaombe kitu kuhusu rangi. Mwaka 1962, kwenye toleo lake la kwanza, Hulk alikuwa wa kijivu. Mashine za uchapaji za wakati ule hazikuweza kuitoa kijivu sawasawa; ukurasa huu kafifia, ukurasa ule kawa mweusi. Kuanzia toleo la pili akawa wa kijani. Rangi maarufu pengine kuliko zote katika fani hii imetokana na tatizo la wino! Basi yule anayetia rangi si mpambaji anayekuja watu wakishakula. Tazameni Absolute Martian Manhunter ya Deniz Camp, iliyoanza 2025: Javier Rodríguez anachora na kutia rangi mwenyewe, na rangi ndiyo inayokuambia nani anawaza nini kabla hakijatamkwa kitu. Ukihakiki lile bila kutaja rangi, ni afadhali usingehakiki. Tazameni pia herufi. Kwenye komiki ya The Sandman, mwandika herufi Todd Klein alimpa mhusika mkuu viputo vya maneno vyeusi vyenye maandishi meupe, na msomaji akaisikia sauti yake bila kuelezwa ikoje. Kwenye komiki ya kutisha kiputo kinachotetemeka, au kilichokatwa katikati ya neno, kinafanya kazi ambayo aya nzima ya maelezo haiiwezi. Majina ya watu hawa yako ukurasa wa kwanza. Yaandikeni.

Naona saa. Niseme juu ya namba 1, kwa sababu huko ndiko mtakakotumwa zaidi.

Toleo la kwanza huja na ngoma. Huja na majalada kumi, moja la dhahabu, moja la kung'aa gizani. Mwaka 1991 X-Men namba 1 ya Chris Claremont na Jim Lee iliuza nakala zaidi ya milioni 8, ikiwa na majalada matano tofauti. Watu walinunua yote matano, wengine wakayahifadhi bila kuyafungua wakidhani watakuja kutajirika. Waliotajirika sijawaona. Hesabu ile haikuambii lolote juu ya kilichomo ndani, wala majalada yote duniani hayakuambii. Mhakiki wa namba 1 ana swali moja la kwanza: je, toleo hili linajua linataka kuwa nini? Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta, Oktoba 2024, ilinipa jibu mapema. Wamemnyang'anya Bruce Wayne, ndiye Batman mwenyewe, utajiri na jumba. Ni fundi, mwana wa watu wa kawaida, mama yake yu hai. Nembo ile ya popo kifuani inang'oka na kuwa shoka. Unaweza kuichukia, na wapo walioichukia, lakini huwezi kusema hujui imekusudia nini. Na Dragotta anajaza kurasa fremu nyingi ndogo, kisha ghafla anampa Batman mkubwa kama lori ukurasa mzima. Ni pumzi inayobanwa na kuachiwa, ufundi wa kutisha kabisa, umekopwa na shujaa. Mimi niliipenda, ingawa mazungumzo yake mara nyingine yanaeleza kitu ambacho picha imekwisha kukieleza.

Kuhusu kumwaga mtama penye kuku wengi. Kanuni yangu ni rahisi na huwa naivunja: usitaje kinachotokea baada ya ukurasa wa tano au wa sita. Taja namna kinavyotokea. Mwandishi Robert Kirkman alipoimaliza komiki yake ya The Walking Dead mwaka 2019, hakumwambia mtu. Toleo la 193 lilitoka likiwa la mwisho bila kutangazwa hivyo, na alikuwa ametangaza hata majalada ya matoleo yaliyofuata ambayo hayakuwepo kamwe, ili wasomaji wasigundue. Fikirieni: mtu ametengeneza majalada ya uongo ili tu msomaji afunue ukurasa asijue. Na wewe unataka kuandika mwisho huo kwenye kichwa cha habari saa mbili asubuhi ili uwe wa kwanza? Ninawajua waliofanya hivyo. Siku hizi tunasalimiana kwa mbali.

Alama sasa. Wahariri wanazitaka, nami nazitoa, nikiziona ni kama kupima hadithi kwa kilo. Tatizo langu kubwa nazo ni kwamba za komiki hazishuki chini ya 7. Toleo bovu 7, la kawaida 8, zuri 9. Kipimo chenye ngazi tatu tu za juu hakipimi kitu. Nikitoa 5 leo, watu huniandikia kuuliza mwandishi alinikosea nini. Toeni 5. Toeni 4. Lakini mkitoa 4, aya iliyo juu yake iwe imeifanyia kazi, na iwe imesomwa mara mbili kwenye kurasa zilivyopangwa, si kitandani na mwayo.

Na mjue mnamwandikia nani. Wauzaji huagiza matoleo mapema, na siku ya mwisho ya kurekebisha oda huwa wiki kama tatu kabla ya toleo kufika. Oda hizo kwa kawaida hazirudishwi. Uhakiki wako ukitoka Jumatano, siku ya matoleo mapya, duka limekwisha kununua kile unachokihakiki. Hauwezi tena kuliokoa toleo hili wala kuliua. Unachokigusa ni namba 2 na namba 3, ni yule msomaji aliyesimama akijiuliza kama aendelee au aiache. Nilipolielewa hilo, niliacha kuandika kama hakimu. Nikaanza kuandika kama mtu aliyetangulia kushuka ngazi, akageuka kumwambia aliye nyuma yake: hatua ya tano ni mbovu, shika ukuta, na ukifika mlangoni, ufungue mwenyewe.

Ninayo hapa matoleo mawili ya wiki hii, moja lina joho na jingine lina kisu, na sijafungua hata moja. Nilikuwa nimekusudia tuyasome pamoja ukurasa kwa ukurasa, na nani atakayeshika karatasi tutapiga kura. Kabla ya hapo, nachukua maswali. Wewe hapo nyuma, ambaye umekuwa ukitikisa kichwa tangu niliposema Absolute Batman, anza.